Mwaka Niliomlisha Mwanangu Chakula cha Samaki

Mwezi uliopita tulimzika mama mkwe pale Murukulazo. Siku ya tatu ya matanga wanawake walikuwa wamekaa juu ya nyasi zilizotandikwa sebuleni, na mmoja wao, jirani wa upande wa chini, akaanza kumsifu marehemu. Alisifu mikono yake ya ukunga, akasifu urwagwa wake, pombe ya ndizi iliyokuwa haimuumizi mtu kichwa, kisha akasema, "Na huyu Deusi mnayemwona anakimbia hapo nje, ni bibi yake aliyemponya. Alikuwa amebemendwa, amekwisha kabisa. Akamwogesha dawa, mtoto akarudi." Wanawake wakaitikia, "Kweli kabisa." Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni na beseni la maharage mikononi. Nilinyamaza, kwa sababu mfiwa ni mume wangu, na kwa sababu marehemu hajibu. Lakini kunyamaza siku moja si kukubali. Naandika haya nikiwa na mtoto wa pili mgongoni, ana miezi saba, na hasira niliyo nayo ni ile ile niliyokuwa nayo nikiwa na miaka ishirini. Deusi hakubemendwa. Deusi alikosa lisini. Nitaeleza.

Kwanza neno lenyewe. Mtoto anayenyonya akianza kudhoofu, miguu ikavimba, nywele zikawa nyepesi zenye rangi ya kutu, akawa analia bila sauti, huku kwetu watu hawaulizi amekula nini. Wanauliza mama yake amelala na nani. Wanasema mwanamume wa nje ameingia kati ya mama na maziwa yake, na maziwa yameharibika. Hilo ndilo kubemenda. Jinsi neno lilivyotengenezwa, mwanamume anaweza kukaa miezi kwenye barabara za malori na hakuna atakayemuuliza kitu, lakini mwanamke aliyebaki nyumbani na mtoto mgongoni ndiye anayetakiwa kujieleza kila mguu wa mtoto ukivimba.

Mwaka ninaousema ni wakati kambi ya wakimbizi ya Kasulo ilipokuwa imekuwa mji kuliko mji wetu. Mume wangu, Sospeta, alikuwa utingo kwenye malori ya msaada. Alikuwa anakuja baada ya wiki nyingi, analala siku mbili kama gogo, anaondoka. Mimi na Deusi tulikuwa na chumba kimoja nyuma ya nyumba ya mama mkwe, kuta za udongo, dirisha la ukubwa wa daftari, na pazia la gunia la msaada lenye maandishi ya kigeni ambayo Deusi alijifunza kuyanyooshea kidole kabla hajajua kusema mama. Zamani kwenye boma lile watu walikula ndizi na maharage. Mwaka ule wachuuzi wa kambini walikuwa wanazikata ndizi zikiwa bado changa, maharage yakaondoka kwa debe, na badala yake ukaja unga mweupe wa mahindi. Unga ulikuwa mwingi. Ulikuwa unaiva upesi, na hilo lilikuwa jambo kubwa kwa sababu kuni zilikuwa zimekwisha, vilima vimenyolewa kama kichwa cha mwanafunzi. Nilimpikia Deusi uji mzito asubuhi, nikampikia mchana, nikampikia jioni. Alikuwa anakula, anashiba, analala. Hilo ndilo lililonidanganya, kwamba anashiba. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, nilikuwa nimechora mfumo wa chakula wa binadamu kwa penseli za rangi nikasifiwa, na bado nilidhani mtoto aliyeshiba amelishwa.

Mama mkwe naye alikuwa na sheria zake. Maharage mtoto asipewe, yatamvimbisha tumbo. Yai asipewe, atakua mwizi. Samaki hata usimtaje. Ukoo wa mume wangu ni watu wa ng'ombe, ingawa ng'ombe wenyewe walikuwa wawili na mmoja alikuwa kipofu. Watu wa ng'ombe hawali samaki. Kwao samaki ni nyoka wa majini. Mchuuzi wa dagaa akipita njiani na mzigo kichwani, walikuwa wanageuka pembeni na kutema mate. Mkono ulioshika samaki haugusi kibuyu cha maziwa, la sivyo ng'ombe atakauka. Mimi kwetu Murusagamba tulikula kila kilichopikika, na nilikumbushwa hivyo kila siku. "Wewe ni wa kuja tu," mama mkwe alikuwa ananiambia, hata nilipokuwa nachambua mboga zake. "Mtoto ni wetu. Wewe ni wa kuja."

Ndiyo maana hakuna aliyehangaika nilipopata kazi kwenye mabwawa ya samaki. Wafadhili walisema kwamba kwa kuwa wakimbizi wamemaliza miti yetu, sisi wenyeji tufidiwe. Tukafidiwa mabwawa. Usiniulize mti na samaki wanahusiana vipi. Yalichimbwa matatu bondeni, na walihitaji mtu anayejua kusoma rula na kuandika. Kazi ililipwa kwa sabuni na mafuta ya kupikia, na mama mkwe alipenda sana sabuni. Sharti lake lilikuwa moja, ninawe mtoni kabla sijapanda, na nisikanyage zizini.

Mkubwa wa mabwawa alikuwa Bwana Shomari, mtu wa pwani, mfupi, mwenye kofia ya kufuma aliyokuwa anaivaa hata akiingia majini. Sisi tulimwita Bwana Samaki. Alikuwa amesomea ufugaji wa kamba, wale wa baharini wenye sharubu ndefu, na alikuwa na hakika kwamba atapangiwa kazi kwenye mabwawa ya chumvi karibu na mikoko, alale kwa mama yake. Barua ya kituo cha kazi ilipofika, imeandikwa Ngara. "Nimesomea kamba, nimeletwa migombani," alimwambia kila mgeni. "Huku ukisema kamba, mtu anakwenda kuleta mbuzi wa kumfunga." Ghala lake nalikumbuka kuliko chumba nilichoolewea. Upande mmoja magunia ya pumba za mahindi, upande mwingine mashudu ya pamba, na juu ya chaga, mbali na panya, gunia la dagaa na uduvi wa ziwani, vyote vimekaushwa, vimekuja kwa lori kupitia Biharamulo. Kazi yangu na ya Spesiyoza ilikuwa kutwanga dagaa na uduvi mpaka wawe vumbi. Spesiyoza alikuwa mkimbizi kutoka Burundi, mkubwa kwangu kwa miaka kumi, mwenye mdomo kama wembe. Bwana Samaki alikuwa anatuchemshia chai ya tangawizi kwenye sufuria nyeusi, anakaa juu ya gunia la pumba, na kutusomea daftari lake la chuoni. Lilikuwa daftari kubwa la jalada gumu, na juu yake ameandika kwa wino mwekundu, *Lishe ya Watoto wa Kamba*. Hakuwa na daftari la perege, samaki tuliowafuga. Kwa hiyo perege wa Ngara walilishwa kwa maarifa ya kamba wa baharini.

"Protini ni neno la watu wavivu," alituambia siku moja. "Hakuna kiumbe anayetumia protini nzima. Anaivunja, anachukua vipande. Vipande vinaitwa amino asidi. Vipo kama ishirini. Vingine mwili unajitengenezea wenyewe. Lakini vipo kumi ambavyo mtoto wa kamba hawezi kuvitengeneza hata umpige fimbo. Avikute kwenye chakula, au avikose."

"Na perege?" nikauliza.

"Kumi hizo hizo. Vipimo tu ndivyo vinatofautiana kidogo."

"Na mtu?"

Akanywa chai kwanza. "Karibu hizo hizo. Mtu ni kamba asiye na sharubu."

"Basi mimi ni kamba," alisema Spesiyoza bila kuacha kutwanga. "Nimekula mahindi mwaka mzima. Niandike kwenye hilo daftari lako, Bwana Samaki, uone kama nitaota mkia."

Akatusomea majina yake, lisini, methionini, triptofani, arginini, mpaka yakatimia kumi, polepole kama mwalimu anayeita watoro. Nikamwambia sielewi kwa nini kukosa kimoja kuwe ni tatizo kama tisa vipo. Akaniuliza kama shule yetu ilikuwa na jiko. Nikasema ilikuwa nalo. "Mlikuwa na kuni?" Ndiyo. "Unga, maji, sufuria, mpishi?" Ndiyo. "Na siku kiberiti kimekosekana?" Nikacheka, maana siku hiyo niliikumbuka, tulilala na njaa huku kuni zimepangwa mpaka darini. "Ndiyo hivyo," akasema. "Mwili hauwezi kujenga nyama kwa tisa. Kimoja kikipungua, vingine vyote vinasimama kukingoja, na mwili haujui kuvitunza, unavitupa nje. Ndiyo sababu bwawa linanuka ukilisha vibaya. Ni chakula kilichokosa mwenzake. Pumba za mahindi zina karibu kila kitu, ila lisini ni ya kubabaisha, na triptofani vile vile. Mkubwa anaweza kuvumilia, yeye anaziba nyufa tu. Mtoto anajenga nyumba nzima. Mtoto ukimpunguzia, unaona."

Tukaona. Kamati ya kijiji ilikuwa imekataa samaki wapewe dagaa, wakisema samaki ni kama nguruwe, anakula kinachobaki. Kwa hiyo Bwana Samaki, ili awaonyeshe, alifunga vizimba viwili vya wavu ndani ya bwawa moja, maji yale yale, vifaranga wa siku moja. Kizimba cha kwanza walikula pumba na unga wa msaada, cha pili walikula pumba zilizochanganywa na vumbi la dagaa na uduvi. Kila Jumamosi nilikuwa navua vifaranga kumi kila upande, nawalaza juu ya rula yangu ya shule, naandika. Wiki ya tano nilimshika mmoja wa kizimba cha kwanza na sikumrudisha upesi. Kichwa kilikuwa cha kawaida, tena kikubwa. Mwili uliofuata nyuma yake ulikuwa mwembamba kama umesahauliwa, mgongo umechongoka, na tumbo limejaa. Alikuwa ameshiba. Bado naiona rangi ya jicho lake. Nilimrudisha majini, nikamwambia Spesiyoza naumwa tumbo, nikapanda kilima bila kunawa.

Deusi alikuwa amekaa kwenye kivuli cha jiko, hachezi, amewekwa tu. Nilimvua fulana. Nikabonyeza mguu wake kwa kidole gumba, juu ya kifundo, nikaondoa kidole. Shimo lilibaki. Nililitazama mpaka likaanza kujaa polepole, kama nyayo kwenye tope. Watu walikuwa wamekwisha liona kabla yangu. Kesho yake zahanati, kwenye benchi, kina mama wawili nyuma yangu walikuwa wananong'ona kwa sauti ya kutaka nisikie. "Huyo mume wake si yuko barabarani?" "Yuko barabarani. Lakini bondeni kwenye samaki kuna wanaume." Nesi alikuwa amechoka, foleni yake ilikuwa ya nchi mbili. Aliniambia nimpe mtoto vyakula vya kujenga mwili, akaita mwingine. Nilitaka kumuuliza vipatikane wapi, lakini mgongo wangu ulikuwa umeshasukumwa na benchi zima.

Kwa hiyo niliiba. Sitaki mtu aniandikie neno jingine zuri. Kila jioni nilipomaliza kutwanga nilikuwa natia vumbi la dagaa na uduvi kwenye kopo la maziwa ya unga, nalifunga ndani ya khanga kiunoni, napanda nalo. Mashudu sikuyagusa, Bwana Samaki alikuwa ametuonya kwamba yana sumu kwa mtoto wa mtu. Nilipika chumbani juu ya mafiga matatu, gunia likiwa limeziba dirisha, mpaka macho yakanitoka machozi, nikaponda na maharage kidogo, nikachanganya na uji. Siku ya kwanza Deusi aliutema ukanirudia usoni. Siku ya pili alifunga mdomo. Nilimkalisha mapajani nikamwambia, "Baba, hata mimi sipendi, lakini tutakula." Siku ya nne alifungua mdomo kabla kijiko hakijafika. Nililia siku hiyo, na nilikasirika kwamba nalia, kwa sababu mikono yote miwili ilikuwa na kazi.

Aliyenigundua wa kwanza ni rula yangu mwenyewe. Niliendelea kupima vifaranga na kuandika kwa uaminifu, nikiwa sijui kwamba nilikuwa naandika ushahidi. Vifaranga wa kizimba cha pili, wale wa dagaa, walianza kulegea. Waliendelea kukua, lakini si kama mwanzo. Bwana Samaki alikaa na daftari asubuhi nzima, akapima pumba, akapima maji, kisha akaja mpaka kwenye kinu akasimama mbele yangu.

"Editha. Kizimba cha pili hawapati kipimo chao. Kinakwenda wapi?"

Spesiyoza akaacha kutwanga. "Kinakwenda kwenye mtoto," akasema kabla sijajibu. "Unataka akirudishe? Umpasue tumbo?"

"Mimi naulizwa, mimi najibu," nikamwambia. Nikamtazama yule mtu wa pwani. "Nimempa mwanangu. Kijiko na nusu, asubuhi na jioni. Nifukuze."

Alivua kofia, akaikunja, akaivaa tena. Nilikuwa nimejiandaa kwa matusi, na matusi yalikuja, lakini si yale niliyoyatarajia. "Mwanamke mpumbavu! Wiki nne umeniharibia jaribio! Ungesema, ningeandika! Sasa nitajuaje samaki wamepunguza kukua kwa sababu ya baridi au kwa sababu yako?" Alizunguka ghala lote akilalamika. Kisha akauliza, kwa sauti nyingine, "Mguu bado unabonyea?" Nikasema unabonyea kidogo. "Nywele?" Nikasema sijaangalia. "Angalia kwenye mizizi. Usiangalie ncha, ncha ni za zamani." Tangu siku hiyo alikuwa ananipimia mwenyewe, mchana, mbele ya watu, na kwa sababu alikuwa ananipimia mbele ya watu, habari ilipanda kilima kwamba Bwana Samaki anampa mke wa Sospeta kitu kwenye kopo.

Sospeta aliporudi safari, kikao kilikuwa kimeshapangwa. Ilikuwa Jumapili baada ya ibada, sebuleni kwa mama mkwe, mtungi wa urwagwa katikati na mirija imesimama ndani yake. Shemeji Gervasi, kaka mkubwa wa mume wangu, mzee wa kanisa, alikaa kwenye kiti chenye mikono. Mama mkwe alikaa mkekani na fimbo yake mapajani. Kando ya mlango palikuwa na beseni la dawa, maji ya majani, yamekwisha chemshwa. Sospeta alikuwa anatazama viatu vyake. Nilimsalimia kila mkubwa, shikamoo, shikamoo, wakaitikia marahaba kwa sauti ya watu wanaoanza kesi, nikakaa na Deusi mapajani.

"Editha," Gervasi akaanza, "hapa si polisi. Sisi ni wazazi wako. Dawa ipo tayari. Lakini unajua haishiki mpaka mwanamume atajwe. Mtaje tu, mtoto apone, yaishe."

"Nikimtaja yanaisha?"

"Yanaisha. Wewe utakwenda kwenu ukapumzike. Mtoto atabaki kwa bibi yake."

"Basi yataisha kwangu tu."

"Usimjibu shemeji yako kama mnagombea kisima," mama mkwe akasema.

"Mama, hakuna mwanamume. Mtoto alikosa lisini."

Wakatazamana. Mjomba mmoja aliyekuwa kwenye mtungi akatoa mrija mdomoni. "Huyo Lisini ndiye Mzungu wa kambini?" Mtu akacheka, akakohoa kuficha. Nilieleza kuhusu kiberiti na kuni, nilieleza kuhusu vifaranga wenye vichwa, na kadiri nilivyoeleza ndivyo nyuso zao zilivyokuwa zinajifunga. Nikaacha kueleza. Nikasimama, nikamvua Deusi fulana, nikamsimamisha mbele ya Gervasi kwa miguu yake miwili, naye akasimama. "Shemeji, bonyeza mguu." Hakutaka. "Si unataka ushahidi? Bonyeza." Akabonyeza kwa kidole chake kinene, akaachia. Nyama ilirudi. Akabonyeza tena mguu wa pili. Mama mkwe alikuwa amejiinua kwa fimbo yake, anatazama kichwa cha mtoto, palipokuwa na ukingo mweusi wa nywele mpya chini ya zile za kutu.

"Tangu lini?" Gervasi akauliza.

"Hii wiki ya sita."

"Umempa dawa ya nani?"

"Dagaa. Na uduvi. Kwenye uji."

Sijawahi kusikia chumba kikilipuka vile. Mjomba alisukuma mtungi mbali na mimi kana kwamba maneno yangu yangeingia ndani. Mama mkwe akapiga kelele, "Umemlisha mtoto wa watu nyoka!" Gervasi akauliza nilivipata wapi, nikasema mwanzoni niliiba, ni chakula cha samaki. Alishika kichwa. "Bora ungesema mwanamume," akaniambia, na alimaanisha. Mwanamume wangemlipisha mbuzi, wangekunywa, wangesahau. Wakajadiliana kwa Kihangaza, haraka haraka, wakidhani hasira imenifanya kiziwi. Kisha Gervasi akatoa hukumu kwa Kiswahili, kama ofisini. Niondoke siku hiyo hiyo. Mtoto ni wa ukoo, abaki.

Nilikuwa nimejiuliza njia nzima kutoka ibadani nitafanya nini wakisema hivyo. Nilidhani nitamkumbatia nikimbie. Lakini Sospeta alikuwa mlangoni, na mwanamke anayekimbia na mtoto hafiki Murusagamba kabla hajafikiwa. Nilifungua khanga, nikatoa kopo, nikaliweka sakafuni katikati yao. Harufu ikatoka.

"Sawa," nikasema. "Nakwenda. Asubuhi kijiko kimoja na nusu, jioni kijiko kimoja na nusu, mchana maharage yaliyopondwa. Kikiisha, Bwana Shomari anacho kingine. Mkiacha, huo mguu utabonyea tena, na safari hii hamtakuwa na mimi wa kusingizia." Nikalisogeza kopo kwa Gervasi. "Shemeji, shika." Akarudisha mguu wake chini ya kiti. Nikalisogeza kwa mjomba, akageuza uso. Nikamtazama mume wangu. "Baba Deusi?" Aliunyoosha mkono, kweli aliunyoosha, kisha mama yake akamtazama, akaurudisha. Tumeishi pamoja tangu hapo, tumezaa mwingine, ni mtu mwema. Mkono ule sijausamehe.

"Nani basi?" nikauliza. "Kila siku mnaniambia mimi ni wa kuja tu. Ni kweli. Mikono yangu haina ukoo wa kuchafuka. Ama mshike hili kopo, ama mniache mimi nilishike, mtoto akiwa na mimi. Chagueni, mie nangoja."

Nje yule ng'ombe kipofu alikuwa anajikuna kwenye nguzo, tunasikia. Mama mkwe ndiye aliyeamua. Hakuomba ushauri wa mtu. Alinyoosha fimbo yake, akaisukuma ncha kwenye kopo, akalisukuma taratibu juu ya sakafu ya udongo mpaka likagusa goti langu.

"Mwacheni ajichafue mwenyewe," akasema. "Lakini si kwenye nyumba yangu. Si kwenye jiko langu, na asisogee kwenye maziwa."

Kisha, kwa kuwa dawa ilikuwa imeshachemshwa na mama mkwe hakuwa mtu wa kupoteza kuni, alimchukua Deusi akamwogesha kwenye lile beseni, mbele ya wote. Nilimwacha. Maji ya majani hayana ubaya, na mtoto alikuwa na vumbi. Huko ndiko kuogeshwa walikokuwa wanakusifu kwenye matanga. Mtu yeyote aliyekuwa sebuleni siku ile anajua. Nimekuja kuwauliza waganga wa hospitali tangu hapo, na wameniambia kwamba haikuwa lisini peke yake, kwamba kuna magonjwa, kuna kuharisha, kuna mambo ambayo hata wao hawajayamaliza. Nakubali. Mimi ni mwanamke wa kidato cha nne niliyefundishwa na daftari la kamba. Lakini kati ya wote niliowauliza, hakuna hata mmoja aliyeniambia kwamba ilikuwa mwanamume.

Kesho yake asubuhi niliamka, nikatoa mafiga yangu matatu chumbani. Mama mkwe alikuwa amesema si kwenye nyumba yake, na mimi ni mtu wa kutii. Niliyapanga nje kabisa, kwenye uwanja, pale njia ya kwenda mtoni inapokata mbele ya boma, nikawasha moto, nikabandika sufuria bila mfuniko. Nilitia vumbi la dagaa mapema kuliko inavyohitajika ili lichemke vizuri. Wanawake waliokwenda kuchota maji walipita wameziba pua, wakarudi wameziba pua, mmoja akaniambia, "Mama Deusi, huna aibu?" Nikamwambia ninayo, lakini leo imekwenda sokoni. Deusi alikaa juu ya gogo na bakuli lake, anakula, uji umemfika masikioni. Jua lilipopanda upepo ukageuka, ukaanza kupuliza kuelekea nyumba kubwa.

"Editha!" mama mkwe akaita kutoka mlangoni, khanga imefunika pua. "Upepo unaleta huku!"

"Ndiyo, mama," nikamjibu, nikakoroga. "Unaleta."